Uvimbe kwenye uti wa mgongo: Bugando au Muhimbili, kinyama kwanza au kisu kwanza?

Mtu wa Kigoma akiambiwa ana uvimbe kwenye uti wa mgongo, ukoo hukaa kikao jioni hiyo hiyo na ajenda huwa moja: Bugando au Muhimbili? Mwenye mjomba Dar anasema Dar, mwenye shemeji Mwanza anasema Mwanza, michango inaanza. Mimi nafanya kazi ya mazoezi tiba hapa mjini. Wagonjwa hawa hunifikia mara mbili: mwanzoni, wakiletwa kama watu wa "mgongo tu", halafu baada ya upasuaji, wanapojifunza upya kushuka kitandani. Kwa ninavyoona, swali la hospitali hujijibu lenyewe ukishajua mambo mawili: uvimbe huo ni wa nini, na miguu ina nguvu kiasi gani leo. Kikao kinachoanza na nauli kimeanzia mwisho.

Uvimbe, TB, au Ziwa Tanganyika?

Uvimbe unaoanzia kwenye mgongo wenyewe ni nadra kweli. Saratani nyingi zinazoonekana kwenye pingili, ile mifupa iliyopangana mgongoni, zimetoka kwingine: titi, tezi dume, mapafu, figo, au ni mailoma, ile saratani ya uboho. Kwa hiyo mzee wa miaka 65 mwenye pingili iliyoliwa apimwe PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, kabla ya kitu chochote, na mama akaguliwe matiti. Haya hayahitaji tiketi ya basi.

Kinachochanganywa zaidi na uvimbe huku kwetu ni TB ya mgongo, ugonjwa ambao daktari Percivall Pott wa London aliueleza mwaka 1779 na hadi leo haujatuacha. Vyote viwili huleta maumivu ya usiku, vyote hukondesha, vyote hulegeza miguu. Tofauti iko kwenye picha. TB hupenda kula diski pamoja na pingili mbili zinazopakana nayo, na mara nyingi huacha usaha unaoteremka pembeni mwa mgongo kuelekea nyonga. Uvimbe kwa kawaida hula pingili na kuiacha diski imesimama. Nasema "kwa kawaida" kwa sababu nimeona vikidanganya pande zote: mtu aliyemeza dawa za TB miezi kadhaa bila kupimwa nyama huku uvimbe ukikua, na mwingine aliyefunguliwa kwa hofu ya saratani wakakuta usaha. Mfugaji, au mtu anayekunywa maziwa mabichi, apimwe na brusela pia. Nayo hukaa kwenye pingili.

Halafu kuna la ziwani, ambalo daktari wa mbali anaweza asilifikirie. Mayai ya kichocho cha tumbo huweza kukwama sehemu ya chini ya uti wa mgongo, yaani ule mkanda wa mishipa ya fahamu unaopita katikati ya pingili. Kijana wa dagaa anaanza na maumivu ya kiuno, ndani ya siku au wiki chache miguu inalegea na mkojo unagoma, na MRI inaonyesha ncha ya uti imevimba, sura ambayo mtu yeyote angeiita uvimbe. Dawa yake ni prazikwanteli pamoja na steroidi, wala si kisu. Ukipewa rufaa kutoka Kagunga, Kalya au kijiji chochote cha mwambao, mwambie daktari kwa kinywa chako mwenyewe: "Nimekulia ziwani, naoga ziwani." Usisubiri aulize.

Kwa mtoto, angalia taya na tumbo. Mtoto aliyelegea miguu ghafla huku ana uvimbe wa taya au tumboni huenda ana limfoma ya Burkitt, saratani ya tezi za limfu. Hiyo huyeyuka kwa kemo, yaani dawa za saratani, haraka sana kuliko mkono wa mpasuaji, na kinachomfaa ni wodi ya saratani ya watoto, tena upesi.

X-ray, CT-scan, MRI

X-ray ya mgongo isikutulize. Pingili hupoteza karibu theluthi moja hadi nusu ya madini yake kabla picha haijaonyesha tundu. Yapo ya kutazama, hata hivyo. Kwenye picha ya mbele kila pingili ina vivuli viwili vya mviringo, na kimoja kikifutika madaktari husema bundi amefumba jicho. Bundi kwetu ni nuksi, na hapa nuksi yake ni ya kweli: mara nyingi saratani imekwisha kula upande huo.

CT-scan na MRI watu huzipanga kwa bei, kwamba MRI ni ghali basi ni bora. Kila moja ina kazi yake. CT huona mfupa: umeliwa wapi, umebaki mnene kiasi gani, skrubu itashika wapi. Haichukui muda, na serikali imesambaza mashine hizo kwenye hospitali za rufaa za mikoa, kwa hiyo uliza Maweni ya Kigoma au Kitete ya Tabora kabla ya kufunga mzigo. MRI huona nyama na maji: uti wenyewe, mishipa ya fahamu, na mipaka ya uvimbe. Ndiyo inayojibu swali ambalo matibabu yote hufuata, yaani uvimbe uko tabaka gani. Uko kwenye mfupa, nje ya gamba linaloufunika uti? Uko ndani ya gamba lakini nje ya uti, kama zilivyo shwanoma na meninjioma? Au umeota ndani ya uti wenyewe, kama ependimoma na astrositoma?

Kwa hiyo miguu ikilegea, MRI, bila mjadala. Na iwe ya mgongo mzima kuanzia shingoni, si kiuno pekee. Nimepokea mtu aliyepigwa picha ya kiuno kwa sababu kiuno ndicho kilichomuuma, kumbe kinachobana kiko kifuani. Tena mgonjwa apewe dawa ya maumivu kabla ya kuingia, maana atalala chali bila kutikisika nusu saa au zaidi. Akitikisika picha huharibika na pesa imekwenda.

CT hushinda MRI mahali pamoja ninapopapenda kwa sababu mwisho wake huwa mzuri. Kijana mgongo umepinda, usiku haulali, akimeza aspirini maumivu yanapoa kabisa. Hiyo ni dalili ya osteoidi osteoma, kiuvimbe kisicho saratani ambacho kiini chake hakifiki sentimita 2. MRI huonyesha mfupa wote umewaka na kutisha watu. CT hukionyesha kiini chenyewe. Kikichomwa kwa sindano ya joto au kikichokonolewa, kijana analala.

Ukiona kwenye majibu neno hemanjioma na hakuna dalili ya mishipa kubanwa, usiuze ng'ombe. Karibu mtu mzima mmoja kati ya kumi anayo kwenye pingili na wengi hufa na umri wao bila kuijua.

Kinyama kwanza, au upasuaji kwanza?

Hapa ndipo nakaa zaidi, kwa kuwa kosa la hapa halirudishiki.

Uvimbe wa mfupa, kanuni ni kinyama kwanza, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa. Sindano inaongozwa na CT, kipande kinakwenda patholojia, maabara inayosoma nyama kwa darubini, jibu linarudi, ndipo kisu kinapangwa. Sababu ni kwamba majina yanayofanana kwenye picha hutibiwa kinyume kabisa. Sakoma ya Ewing huanza na kemo, kisu baadaye. Mailoma na limfoma husikia mionzi na dawa. Uvimbe wa seli kubwa unaweza kukaushwa kwa sindano za denosumabu kabla ya kukatwa. Kodoma, saratani adimu ya mfupa wa mgongo, haisikii kemo ya kawaida, na mionzi ya kawaida huisumbua kidogo tu. Kwa hiyo kila kitu kinategemea kuitoa vizuri mara ya kwanza.

Na hiyo kodoma ndiyo inayofundisha adabu. Ni mtu mmoja hivi kwa kila milioni kwa mwaka, na karibu nusu yao huipata kwenye sakramu, mfupa ule wa makalio. Hukua polepole: mtu anaumia akikaa, anafunga choo, anaambiwa ni bawasiri. Fundi mmoja wa baiskeli wa huku Uvinza alipasuliwa uvimbe wa namna hii kwenye zahanati moja kwa kudhaniwa jipu. Haukutoka usaha, ulitoka ute mzito kama jeli. Kidonda hakikufunga vizuri, na seli zilikuwa zimekwisha kumwagika kwenye nyama za makalio. Hata sindano ya kinyama hupita njia ambayo baadaye lazima ikatwe pamoja na uvimbe. Ndiyo maana anayechoma sindano awe yule yule atakayepasua, au wawe wamesemezana. Kama hospitali ya karibu inasema "tuchukue kinyama hapa, upasuaji utafanyiwa huko", kwa uvimbe wa sakramu unaodhaniwa kodoma mimi ningesema hapana, asante, vyote viende sehemu moja.

Uvimbe wa ndani ya gamba ni kinyume chake. Shwanoma na meninjioma hutambulika kwa MRI vizuri kiasi kwamba kuutoa ndiko kuupima. Kumchoma mtu sindano mle ndani ni hatari isiyo na faida.

Na pale miguu inapokufa leo? Hapo kanuni hulegea. Mpasuaji hufungua ili kuupa uti nafasi, anachukua nyama hapo hapo, na mengine yatafuata. Hesabu ni ya saa 24 hadi 48, si ya "kliniki ya wiki ijayo". Aliyeingia chumba cha upasuaji akitembea ana nafasi kubwa ya kutoka akitembea. Aliyelala na mpira wa mkojo wiki mbili, nafasi hiyo ni finyu, hata mpasuaji awe nani.

Kitu kidogo cha kukagua, na ndugu mnaweza kukisimamia: nyama ikitolewa iwekwe kwenye vikopo viwili. Kimoja chenye fomalini, kwa patholojia. Kingine chenye maji ya chumvi ya hospitali bila fomalini, kwa GeneXpert na kuotesha vijidudu vya TB, kwa sababu fomalini huviua vijidudu hivyo. Nimeona majibu ya "hakuna TB" ambayo kumbe hapakuwa na nyama ya kupima, yote ilitumbukizwa kwenye kikopo kimoja. Na kama limfoma inashukiwa huku miguu bado ina nguvu, uliza kama deksamethasoni, steroidi ya kupunguza uvimbe, inaweza kusubiri hadi kinyama kichukuliwe. Dawa hiyo hunyausha limfoma na jibu likaja tupu.

Kuutoa mzima au vipande vipande

Mpasuaji akisema "nitausafisha wote" familia hufurahi, akisema "sitautoa wote" humkimbia. Maneno hayo mawili yapimwe kwa aina ya uvimbe.

Kodoma na kondrosakoma (saratani ya gegedu) zinataka zitoke nzima, zimezungukwa na nyama safi, bila kupasuka. Katsuro Tomita wa Kanazawa, Japani, ndiye aliyejulikana katika miaka ya 1990 kwa kutoa pingili nzima kwa waya wa msumeno. Mwaka 1997 Weinstein, Boriani na Biagini walichapisha ramani inayoigawa pingili kanda 12, ili mpasuaji ajue mapema kama uvimbe unaweza kuzungukwa au la. Ni upasuaji wa saa nyingi, damu nyingi, vyuma virefu na ICU. Gharama yake nyingine ni mishipa. Kwenye sakramu, mishipa ya fahamu ya S2 (jozi ya pili inayotoka kwenye mfupa huo) ikiachwa pande zote mbili pamoja na hata S3 (jozi ya tatu) ya upande mmoja, matumaini ya kumudu mkojo na choo ni makubwa. Ikikatwa yote kuanzia S2, mgonjwa ajiandae kuishi na mpira wa mkojo. Haya yasemwe kabla ya kusaini fomu, na yasemwe kwa mgonjwa mwenyewe, si kwa kaka yake korido.

Shwanoma na meninjioma zinaweza kutolewa vipande vipande, hakuna ubaya. Ependimoma ina mpaka wake ndani ya uti, na ikitoka yote mtu aweza kuwa amepona. Astrositoma imejichanganya na uti wenyewe, na mpasuaji anayesimama katikati na kusema "hapa panatosha" anakuokolea miguu. Hivyo "sitautoa wote" kwa astrositoma ni jibu la bingwa, kwa kodoma ni sababu ya kutafuta maoni mengine.

Bibi mmoja wa Ujiji aliniuliza, "Mwanangu, wakimkata si ndiyo atapooza?" Nilimwambia, "Bibi, kinachompoozesha ni kile kinachobana." Lakini nilimwambia na nusu ya pili: uvimbe wa ndani ya uti, wengi huamka dhaifu zaidi kuliko walivyoingia, ganzi imeongezeka, miguu haijui ilipo, na huchukua wiki hadi miezi kurudi. Tukianza mazoezi mapema hurudi vizuri zaidi. Asiyeambiwa haya huamka akidhani ameharibiwa.

Kisu au mionzi

Kwa saratani iliyosambaa na kubana uti, kuna jaribio la Marekani lililochapishwa 2005 ambalo madaktari bado hulitegemea: waliofanyiwa upasuaji kisha mionzi, asilimia 84 waliweza kutembea baada ya matibabu, waliopewa mionzi peke yake, asilimia 57. Jaribio hilo liliwaacha nje wenye limfoma na mailoma, kwa sababu hizo mionzi inazitosha. Na mgonjwa aliyebakiza wiki chache za uhai haongezewi kitu na vyuma mgongoni. Mionzi ya kupunguza maumivu, morfini ya maji, na kitanda nyumbani Mwanga vinaweza kuwa uamuzi bora, na anayeuchagua asitukanwe na ukoo.

Basi sasa: Bugando, Muhimbili, au Dodoma?

Bugando, pale mlimani Mwanza tangu 1971, ina jambo moja ambalo watu hulidharau: upasuaji, patholojia, kemo na mionzi viko uzio mmoja. Kwa TB iliyobana uti, saratani iliyosambaa, limfoma, mtoto wa Burkitt, au miguu inayokufa leo, ningekwenda Bugando bila kusubiri kikao. Barabara ya Kasulu, Kibondo, Kakonko hadi Nyakanazi, kisha Geita, na tangu Juni 2025 Daraja la Magufuli limetuondolea foleni ya kivuko pale Busisi. Kwa mtu wa Tabora njia ni nyepesi zaidi: Nzega, Shinyanga, Mwanza.

Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa 1996, ningeichagua kwa vitu adimu vyenye muda wa kusubiri: uvimbe ndani ya uti, kodoma, uvimbe wa mfupa unaotakiwa kutoka mzima. Sababu ni mazoea. Wapasuaji wa mgongo na wa mishipa ya fahamu wako pamoja, na kesi ngeni za nchi nzima huishia pale, kwa hiyo kilicho cha ajabu Kigoma pale wamekwisha kukiona. Hasara ni foleni, maisha ya Dar kwa mwangalizi, na kwamba mionzi utaifuata nje ya uzio, Taasisi ya Saratani Ocean Road. Shwanoma ya kawaida, kokote kati ya hizi mbili, nenda penye ndugu wa kukupikia.

Benjamin Mkapa ya Dodoma, iliyofunguliwa 2015, inafaa hasa kwa mtu wa Tabora au Manyoni mwenye ndugu huko. Kwa mtu wa Kigoma sioni inachoongeza, labda foleni ya MOI iwe imekukatisha tamaa.

India? Baada ya jibu la patholojia na barua ya bingwa wa hapa, inaweza kuwa na maana kwa kodoma inayohitaji mionzi ya protoni. Kabla ya hapo ni kwenda kufanyiwa kwa dola vipimo vile vile.

Popote utakapokwenda, piga simu kwanza na uulize kama darubini ya upasuaji inafanya kazi, kama kuna kitanda cha ICU, damu mnatakiwa kuchangia chupa ngapi, na mpasuaji mwenyewe amekwisha kufanya ngapi za namna hii. Daktari mzuri hakasiriki kwa swali hilo la mwisho. Soma pia bima yako inaishia ngazi gani, na usiondoke bila barua ya rufaa.

Kuhusu usafiri, pingili iliyooza nusu haipendi matuta. Treni ni ndefu, zaidi ya siku moja hadi Dar, lakini behewa la kulala linamnyoosha mgonjwa na hapo inalishinda basi. Kwa Mwanza utabadilishia Tabora. Ndege ni fupi ila lazima akae wima. Boti ya mbao kutoka vijiji vya ziwani hadi Kibirizi mlaze sakafuni juu ya godoro, shingo na kiuno mstari mmoja, na ageuzwe kila saa mbili ili makalio yasianze vidonda.

Mkononi mwa mwangalizi, si ndani ya begi lililo juu ya basi, ziwepo CD za MRI na CT pamoja na karatasi za majibu, maana mpasuaji anataka picha zenyewe. Kama kinyama kilikwisha kuchukuliwa, nendeni maabara mkaombe kile kipande cha nta chenye nyama na slaidi zake. Kina ukubwa wa kiberiti, mnasaini na kuondoka nacho, na patholojia ya huko mbele itakisoma upya bila mgonjwa kuchomwa mara ya pili.